Ubao wa mteremko kutoka karakana ya Malindi: kazi nzuri, ila vanishi

Seti hii niliinunua kwa shilingi 3,500 kwa fundi seremala mmoja wa Malindi, ili niwafundishe wanafunzi wa kidato cha tatu mwendo wa kubingirika. Ina ubao wa mvule wa mita 1.5, tufe na mcheduara wa mwembe, pamoja na pete iliyokatwa kwenye bomba la chuma, vyote vikiwa na kipenyo cha milimita 60.

Tufe na mcheduara vimekerezwa kwa ustadi wa mtu aliyezoea miguu ya vitanda vya pwani, kwa hivyo haviyumbi vikibingirika. Niliuinua upande mmoja wa ubao kwa sentimita 15, nikaviachia vyote pamoja kwa kuondoa rula iliyovizuia. Tufe lilipofika mwisho, mcheduara ulikuwa nyuma yake kwa sentimita 10 hivi, na pete ilikuwa imeachwa karibu sentimita 40. Hesabu inakubali, kwani nishati ya kimo hugawanyika kati ya kusonga mbele na kuzunguka: tufe hutumia sehemu 2 tu kati ya 7 kwa kuzunguka, mcheduara sehemu 1 kati ya 3, ilhali pete nyembamba kabisa hutumia nusu nzima, kwa kuwa tungamo lake lote liko ukingoni. (Pete ya namna hiyo ingeachwa sentimita 45, hii yangu ina unene wa milimita 4, ndiyo maana ilijikomboa kidogo.) Wanafunzi walioshikilia kwamba chuma kitatangulia kwa sababu ni kizito walinyamaza, maana uzito hauingii kabisa katika hesabu hii.

Kasoro ni vanishi. Ubao unang'aa kama meza ya sebuleni, na ukiinuliwa sana pete huanza kuteleza kabla ya wenzake, kwani ndiyo inayohitaji msuguano mkubwa zaidi ili ibingirike. Kwenye mteremko wa digrii 40 pete nusura iufikie mcheduara, jambo lililowachanganya wanafunzi mpaka nilipochora alama ya chaki ukingoni mwake na kuirekodi kwa simu: badala ya kuzunguka karibu mara 8, ilizunguka mara 5 tu, na njia iliyobaki iliteleza. Nililazimika kuukwangua ubao kwa msasa jioni nzima.

Nilipomweleza fundi, alisema anaweza kuuza ubao usiopakwa chochote kwa bei ileile. Mwalimu atakayekwenda kununua auombe huo.