Kadi 60 za viumbe wa Ugiriki ya kale: zinazofaa na zisizofaa kwa mtunzi wa hadithi za ajabu

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia sanduku la kadi za viumbe wa visasili vya Kigiriki pamoja na vijana wanane wa kidato cha pili na cha tatu, ambao hukutana nami kila Jumamosi alasiri barazani Kikwajuni, mjini Unguja, kwa ajili ya kutunga hadithi. Mpwa wangu ndiye aliyeniletea kutoka Uingereza, nami nikamrudishia shilingi 78,000. Tulikuwa tumekusudia kubuni ulimwengu wa visiwa wenye miungu na viumbe wa namna ya Ugiriki ya kale, lakini unaosimuliwa kwa Kiswahili, na swali la kwanza lililotukwamisha lilikuwa ni viumbe gani waingie na wepi wabaki nje. Sanduku hili limetengenezwa hasa kwa swali hilo. Kwa maoni yangu, linalijibu vizuri kwa viumbe wa nchi kavu na linakosea vibaya kwa viumbe wa baharini, jambo ambalo kwa watu wa visiwani si kasoro ndogo.

Ndani ya sanduku mna kadi 60 zenye picha, kadi 6 tupu, ramani moja isiyo na majina, na kijitabu kifupi cha maelekezo. Kila kadi ina mchoro upande wa mbele, na nyuma yake kumeandikwa makazi ya kiumbe, kazi yake, nasaba yake, na alama za nguvu kuanzia 1 hadi 10.

Lililonivutia kuliko yote ni nasaba. Watengenezaji wamewatia ukingo mwekundu viumbe wote wa ukoo wa jitu Typhon na Echidna, yule aliyekuwa nusu mwanamwali na nusu nyoka, aliyeishi pangoni. Ukizipanga kadi hizo mezani, unauona ukoo mzima kama unavyotajwa katika utenzi wa Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, kuhusu nasaba ya miungu: Orthos, mbwa aliyelinda ng'ombe wa jitu Geryon, Cerberus, mbwa wa mlango wa kuzimu, Hydra wa Lerna, nyoka mwenye vichwa vingi, Chimera, mwenye sehemu ya simba, ya mbuzi na ya nyoka, kisha Sphinx wa Thebes na simba wa Nemea. Kadi ya Chimera inamtaja Echidna kuwa mama yake bila ya kusita, ingawa katika utenzi huo haielezwi bayana kama mama anayetajwa ni Echidna au ni Hydra. Msomaji wa tenzi zetu anaufahamu vyema utata wa aina hiyo, pale neno moja, "akamzaa", linapoweza kurejea kwa zaidi ya mtu mmoja. Ningependelea kadi iseme hivyo, kwa sababu utata wenyewe ni mali kwa mtunzi.

Faida ya ukingo huo mwekundu niliiona mara moja katika mazungumzo ya vijana. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa akimchagua kiumbe anayetisha zaidi, na visiwa vyetu vilikuwa vimejaa majitu yasiyojuana. Baada ya kuziona kadi, walianza kuulizana nani ni ndugu wa nani, na kila mmoja analinda nini. Hapo ndipo ulipofunguka mlango wa kazi yetu, kwa kuwa viumbe wengi wa Kigiriki ni walinzi wa mahali. Hydra yuko kwenye chemchemi na bwawa la Lerna, Cerberus yuko mlangoni pa wafu, Sphinx anawazuia watu wa Thebes kwa kitendawili, na nyoka Ladon amejizungusha kwenye mti wa matufaha ya dhahabu. Mwenye kumtoa mmoja wao mahali pake na kumweka kokote atakako atabaki na mnyama mkubwa asiye na sababu ya kuwepo. Kadi zinalisema hili vizuri katika sehemu ya kazi, na hapo nawapongeza kwa moyo wote watengenezaji wake.

Lililokosekana ni mfuatano wa nyakati. Kijana mmoja alimchagua Pegasus, farasi mwenye mabawa, kwa kisiwa chake, na mwenziwe akamchagua Medusa, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, kwa kisiwa cha jirani. Msichana aliyekuwa akizipanga kadi akainua uso na kusema, "Mwalimu, kama Pegasus yupo, basi Medusa keshauawa." Alikuwa sahihi kabisa. Pegasus alitoka shingoni mwa Medusa pale shujaa Perseus alipomkata kichwa, na ndiye aliyembeba shujaa Bellerophon alipokwenda kumwua Chimera. Kwa hiyo kuruka kwa farasi huyo angani ni habari ya kifo kimoja kilichopita na kingine kinachokuja. Jambo hilo moja lilituongoza katika utunzi kuliko kijitabu chote cha maelekezo, na bado haliko kwenye kadi yoyote. Vivyo hivyo, kadi tatu za dada wa Gorgon, yaani Stheno, Euryale na Medusa, zimepewa maneno yaleyale, ilhali tofauti kubwa ni kwamba Medusa peke yake ndiye aliyeweza kufa.

Sasa nije baharini. Kadi ya sireni, yule anayewavuta mabaharia kwa sauti yake, inaonesha mwanamke mwenye mkia wa samaki, ameketi juu ya mwamba akichana nywele. Binti mmoja ambaye kwao ni Nungwi aliitazama na kusema kwamba huyo ni nguva wa hadithi, na mimi nakubaliana naye. Katika vyombo vya udongo vilivyochorwa na Wagiriki wa kale, sireni ni ndege mwenye kichwa cha mwanamke. Mkia wa samaki ulikuja karne nyingi baadaye, katika Ulaya ya zama za kati. Homer mwenyewe, mtunzi wa utenzi wa safari za nahodha Odysseus, hawaelezi maumbile yao, na lugha anayoitumia inaonesha kwamba walikuwa wawili. Kosa la mkia lingeweza kusameheka kama kazi yao ingeelezwa ipasavyo, lakini kadi inasema kwamba huwanasa mabaharia kwa uzuri wao. Siyo hivyo. Wanachomwahidi Odysseus ni ujuzi: wanamwambia kwamba wanayajua yote yaliyotendeka katika vita vya Troya na yote yanayotokea duniani, na kwamba anayewasikiliza huondoka akijua zaidi. Hebu fikiria nahodha aliyekaa miaka mingi mbali na nyumbani, akisikia sauti inayozijua habari zote. Huo ni mtego mzito kuliko sura nzuri, na mtunzi anayeichukua kadi kama ilivyo anaupoteza bila ya kujua kwamba aliwahi kuwa nao.

Kosa la pili la baharini ni kuwatenganisha Scylla na Charybdis. Kila mmoja ana kadi yake, kila mmoja ana alama zake, na hakuna neno linalosema kwamba hawatumiki mmoja bila ya mwenzake. Scylla ana vichwa sita, kila kimoja kina safu tatu za meno. Charybdis ni kilindi kinachoyanywa maji na kuyatapika. Chombo kinapita baina yao, na Odysseus alipoukwepa mzamo wa Charybdis, alipoteza watu sita, mmoja kwa kila kichwa. Thamani ya kisa hiki imo katika ule uamuzi wa nahodha, na mtu yeyote aliyewahi kuvuka mkondo wa Pemba katika siku za kaskazi kali anaielewa bila ya kufafanuliwa. Sisi tulizifunga kadi hizo mbili pamoja kwa mpira na tukazihesabu kuwa ni moja.

Wapo pia wageni. Katika ngano ya Unguja ya Nunda mla watu, kijana anaua mnyama baada ya mnyama na kumpelekea mama yake, na kila mara anaambiwa kwamba huyo siye. Nasi tuliketi Jumamosi nzima tukiziinua kadi moja moja na kusema "siye huyu". Farasi mwenye pembe moja hakuwa kiumbe wa visasili kwa Wagiriki. Ctesias, tabibu wa Kigiriki, alimwandika kama mnyama halisi wa India. Basiliski, nyoka anayeua kwa kutazama, tunamjua zaidi kutoka kwa Pliny, Mrumi wa karne ya 1. Joka lenye mabawa na miguu minne ni la Ulaya ya baadaye, kwa sababu joka la Kigiriki kwa kawaida ni nyoka mkubwa tu. Kwa jumla tuliziweka kando kadi 17. Ndege feniksi nilimtetea abaki, japokuwa kadi inamchoma moto ambao Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, hakuutaja: yeye anaeleza kwamba ndege huyo huja Misri kutoka Arabuni kila baada ya miaka 500, akimbeba baba yake aliyekufa ndani ya tonge la manemane, na anakiri kwamba yeye mwenyewe alimwona katika picha tu. Ndege anayesafiri kutoka Arabuni na manukato yake hawezi kuwa mgeni katika hadithi inayosimuliwa Unguja.

Kuhusu alama za nguvu sina mengi ya kusema, ila kwamba hazina maana. Chiron, sentauri, yaani nusu mtu na nusu farasi, mwalimu wa shujaa Achilles, amepewa 5 kwa sababu hapigani. Nimfa, yaani mizimu ya kike ya maumbile, nao wamepewa kadi moja tu, ingawa wapo wa chemchemi, wa milimani, wa miti, na mabinti 50 wa Nereus baharini. Kwa visiwa vyenye misitu kama Ngezi na mito ya maji baridi, kadi moja ni uchache wa kuhuzunisha.

Karatasi ni nzuri na rangi hazijafifia, lakini kadi zilijikunja wakati wa masika, na kifuniko cha sanduku kililegea. Anayeishi karibu na pwani azihifadhi ndani ya mkebe unaofunga vizuri.

Zile kadi 6 tupu ndizo zilizotufaa kuliko tulivyotarajia. Tatu tulizitumia kwa nimfa. Ya nne ilipewa chunusi, ambaye huzamisha watu majini na ambaye vijana walisema anaweza kuishi jirani na Charybdis bila ya kugombana. Mmoja alipendekeza Popobawa, pepo anayesemekana kuwashambulia watu usiku, nami nikakataa. Hofu iliyoanzia Pemba mwaka 1995 iliwatesa watu ambao bado wako hai, na sioni sawa kumfanya kiumbe huyo kuwa kadi ya mchezo mbele ya vijana ambao wazee wao waliyapitia hayo. Ya tano bado haijaandikwa.

Ya sita ina kisa chake. Niliwasimulia vijana kuhusu mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaokitaja kisiwa cha Menouthias katika mwambao wetu. Wataalamu wanabishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Mwandishi wake anataja mashua zilizoshonwa, mitego ya kusuka ya kuvulia samaki, ambayo msomaji wa hapa hukumbuka dema papo hapo, na anasema kwamba kisiwani hakuna wanyama wakali isipokuwa mamba, nao hawamdhuru mtu. Mgiriki aliyezaliwa katika lugha ya Hydra na Scylla aliandika kuhusu bahari yetu bila ya kuweka jitu hata moja. Vijana waliamua papo hapo kwamba ramani yetu lazima iwe na kisiwa hicho, na kwamba msafiri aliyenusurika kwa Scylla atafika hapo kupumzika. Binti wa Nungwi ndiye aliyeichora kadi: mamba amelala kando ya mto, mtoto anapita karibu yake na dema kichwani. Mahali pa nguvu hakuandika kitu, na mahali pa kazi aliandika kwamba anaota jua.