Datsun 240Z, kabureta mbili na gereji nisiyotaka kuiona tena

Mkimwona mtu anasogeza msasa karibu na kuba, kile kifuniko cha juu cha kabureta ya SU (aina ya kabureta yenye pistoni yake ndani), mnyang'anyeni. Ningeishia hapo, lakini hasira hazijaniisha.

Gari ni Datsun 240Z, injini ya L24, silinda sita kwa mstari, kabureta mbili za Hitachi za mfumo wa SU. Liliingia kwenye gereji moja hapa mjini, jina nalificha, kwa kazi mbili: rejeta na usafi wa kabureta. Likatoka linang'aa, likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Asiyejua angelipa na kushukuru.

Kabureta hizi hazina uchawi. Injini ikivuta, hewa iliyo juu ya pistoni ya kabureta hupungua, pistoni hupanda ndani ya kuba, na sindano iliyo chini yake huachia petroli kadiri inavyoinuka. Siri yote iko kwenye nafasi nyembamba mno kati ya pistoni na ukuta wa kuba. Kiwandani vitu hivi viwili hulinganishwa pamoja. Kuba na pistoni yake ni doti moja ya kanga, huwezi kuchanganya na doti nyingine. Kwa hiyo la mbele halihamishwi nyuma, na ukuta wake haupigwi msasa hata uwe mweusi vipi. Ukishaipanua ile nafasi, hewa huvujia pembeni, pistoni huzembea chini, na petroli huzidi hewa.

Sasa, kuba langu la mbele lina nukta ya rangi nyeupe, iliyotiwa makusudi ili mtu asikosee. Baada ya gereji, nukta iko nyuma! Kufungua lile lililowekwa mbele, ndani mna mikwaruzo ya msasa ya duara.

Dalili zilijitokeza kwenye foleni ya feri ya Likoni, mahali pabaya kuliko pote pa kujaribia kabureta. Injini inanguruma bila kwenda, unasogea futi mbili, unasimama. Kufika kwenye mteremko wa kupandia feri, ikaanza kukohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima, huku makondakta wa matatu nyuma wakinifundisha matusi mapya. Plagi zilisema kila kitu. Kabureta ya mbele hulisha silinda ya kwanza hadi ya tatu, ya nyuma hulisha ya nne hadi ya sita. Tatu za mbele zilikuwa nyeusi tititi, zina masizi makavu na harufu ya petroli. Tatu za nyuma zilikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa, safi kabisa. Ukiona mgawanyiko wa namna hiyo, usihangaike na kondensa wala pointi, vile vya kuwashia moto wa plagi. Ubovu wa moto ungegusa silinda zote sita. Hapa ni kabureta moja tu inayokosea.

Lililonikera zaidi hata si msasa, ni jibu. Kijana aliyefanya kazi ile hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, kuba ni kuba." Nikamwonyesha nukta. "Gari si inawaka? Kwani wewe wataka nini tena?" Halafu akamgeukia mwenzake, kwa sauti ya kunisikilizisha: "Hicho chuma nimeshamwambia akitie injini ya Probox apumzike." Mwenye gereji alikuwepo, akacheka! Gari lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1971 na Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mtoto wa Afrika Mashariki, leo linaletewa habari za Probox.

Kwa wenye kabureta kama hizi, kazi yenyewe ni ya asubuhi moja ya Jumamosi, na haihitaji mtu wa kukutukana. Shughulikia kabureta moja mpaka uimalize ndipo uguse ya pili, vitu visichanganyike. Legeza skrubu za kuba kidogo kidogo kwa zamu, kisha liinue wima bila kulizungusha, maana sindano ikipinda umekwisha. Futa kuba na pistoni kwa petroli na kitambaa kisichotoa nyuzi. Basi, hakuna kingine. Ukutani usitie mafuta, ila tone moja kwenye fimbo ya pistoni. Rudisha, kaza kwa zamu, kisha inua pistoni kwa kidole uiachie: ishuke yenyewe na kugonga chini kwa mlio mkavu. Isipogonga, sindano au bomba la petroli inamoingia limekaa upande. Kwenye tundu la juu ya kuba tia oili ya SAE 20, ifike kati ya alama mbili za kijiti cha kifuniko chake. Usitie oili ya gia. Ni nzito, pistoni itachelewa kupanda na gari litazubaa kila unapokanyaga.

Nati ya mchanganyiko wa hewa na petroli, iliyo chini ya kabureta, ipandishe hadi mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia. Injini ikishapata moto sawasawa, legeza kiungo kinachounganisha kabureta mbili, weka ncha ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kila moja na ncha nyingine sikioni, urekebishe skrubu za sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) hadi mvumo ulingane. Mwisho inua pistoni kwa bisibisi nyembamba, kama milimita moja hivi. Injini ikipanda kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli haitoshi. Ikipanda kidogo ikarudi, usiguse tena chochote.

Mimi sasa hata nikifuata haya yote, ya mbele haikubali. Kuba lililokwanguliwa halitengenezeki, na la kununua ni lazima uchukue pamoja na pistoni yake.

Haki itendeke, rejeta waliitengeneza vizuri. Walifungua matangi, wakapitisha fimbo kwenye kila mfereji, wakachomelea upya, na mshale wa joto haukupita katikati hata kwenye msongamano wa Mtwapa saa saba ya mchana. Kwa joto la Mombasa hilo si dogo, hasa injini hii ambayo kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, petroli ikichemka ndani ya vikombe vya kabureta kila unapozima baada ya mwendo. (Fungua boneti dakika kumi, itatulia.) Bei ya rejeta nayo ilikuwa ya kiungwana. Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu.

Lakini juzi nimelala chini ya gari kulisuuza chumvi, kwa maji ya bomba, kwani ya visima huku mengi yenyewe yana chumvi, nikakuta sinia ya betri ina asidi iliyomwagika. Waliitoa betri wakairudisha bila kufuta. Kila mwenye 240Z anajua kutu ya gari hili huanzia hapo, kisha hushuka kwenye sakafu. Magadi na maji yalitosha kuimaliza asidi. Rangi ilikuwa imeshainuka.

Nyota moja, basi. Ya rejeta. Wakirudisha pesa ya kabureta nitaongeza ya pili, na yule kijana aniombe radhi akiwa ameiweka simu chini.