CD za kifahari za albamu za zamani: lipia masta, usilipie plastiki

Albamu moja ya pop iliyovuma miaka ya 1970 unaweza kuikuta sokoni kwa sura sita: CD ya kwanza ya miaka ya 1980, rimasta (masta iliyofanywa upya) ya miaka ya 1990, toleo la maadhimisho, CD ya dhahabu, SHM-CD ya Japani (CD ya plastiki maalumu), na SACD (diski ya sauti yenye data nyingi kuliko CD). Jina ni lile lile na picha ya jalada ni ile ile, lakini bei zimeachana mno. Kwa anayekusanya ili asikilize, na si kupamba rafu tu, mambo mawili ndiyo yanayoamua: tepu ipi ilitumika, na fundi aliyefanya masta (nakala ya mwisho ya sauti inayochapishwa kwenye diski) aliuachia muziki pumzi kiasi gani. Mengi ya yaliyobaki kwenye kibandiko ni mbwembwe.

Tuanze na SHM-CD, maana ndiyo inayokamata wengi. JVC na Universal ya Japani waliileta mwishoni mwa miaka ya 2000, wakitumia polikaboneti angavu ya jamii ile inayotengenezea skrini za LCD. Mwaka 2008 Sony nayo ikatoka na Blu-spec CD, ambayo diski yake mama hukatwa kwa leza ya buluu. Kwa kazi ya mikono, hongera zao: jalada la karatasi ngumu linaloiga santuri, obi (ukanda wa karatasi) ubavuni, maneno ya nyimbo yamechapwa bila ukungu. Kwa sauti, hakuna jipya. Data ni biti 16 kwa kilohezi 44.1 kama CD nyingine yoyote, na mfumo wa kusahihisha makosa uliomo ndani ya kila CD huziba pengo la biti 4,000 hivi mfululizo, sawa na milimita 2.5 za mstari unaosomwa. Diski ya kawaida iliyo safi ikishasomwa bila kosa, plastiki angavu haina cha kuongeza.

Hilo si la kubishania, linapimika. Nakili diski zote mbili kwenye kompyuta kwa programu ya Exact Audio Copy, hali ya usalama ikiwa imewashwa. Fungua ripoti na utazame kilele cha kila wimbo, kinachoandikwa kwa asilimia, mfano 98.8. Vilele vikilingana wimbo kwa wimbo hadi desimali, karibu hakika masta ni moja. Ukitaka uhakika kamili, linganisha faili kwa programu ya foobar2000 iliyoongezewa kilinganishi cha biti. Hapa watu hupotoka: mikupuo miwili (diski zilizochapwa kwa nyakati tofauti) ya masta moja mara nyingi hupishana kwa sampuli kadhaa, yaani sehemu ndogo mno ya sekunde, mwanzoni, hivyo ulinganisho wa haraka unaweza kusema faili si sawa wakati muziki ni ule ule. Sogeza faili moja zilingane kwanza.

Pima pia DR, yaani nafasi kati ya kilele na wastani wa sehemu zenye kelele zaidi. Albamu ya pop ya zamani yenye 12 na kuendelea kwa kawaida haijabanwa. Ikishuka hadi 6 au 7, fundi ameipandisha sauti hadi ngoma zimekuwa bapa, na hakuna dhahabu itakayozirudisha. Ukilinganisha kwa masikio, sawazisha kwanza nguvu za sauti. Toleo lililo juu kwa desibeli moja tu litakushawishi kwamba ndilo bora, na hivyo ndivyo rimasta nyingi zinavyouzwa.

CD za dhahabu za kampuni za Marekani Mobile Fidelity na DCC (kwa DCC fundi wa masta alikuwa Steve Hoffman) zinastahili sifa zake, ila si kwa sababu ya dhahabu. Madini hayo yana faida moja, hayashiki kutu. Kinachosikika ni kazi ya watu waliotafuta tepu mama na kuacha mvumo wake ulivyo, badala ya kuusafisha hadi matoazi yakose mng'ao. Bei za mitumba zimepanda kupita akili, kwa hiyo sikiliza kwanza CD ya kwanza ya albamu hiyo. Kwa Brothers in Arms ya Dire Straits (1985), iliyorekodiwa kidijitali tangu mwanzo, CD ya kwanza kabisa inatosha, na baadhi ya nyimbo humo ni ndefu kuliko kwenye santuri.

Ila CD za kwanza zina mitego. Baadhi, hasa za Japani, zilikatwa zikiwa zimeongezewa sauti za juu, deki izipunguze wakati wa kucheza. Kompyuta haifanyi hivyo yenyewe, ndiyo maana nakala hutoka kali kama inakwaruza. Amri ya deemph kwenye SoX, programu ya kuhariri sauti, inamaliza tatizo. Alama yake wakati mwingine haimo kwenye orodha ya mwanzo ya diski, imefichwa ndani ya nyimbo.

Mtego mwingine ni mchanganyo, yaani jinsi sauti na vyombo vilivyounganishwa kuwa wimbo mmoja. CD za 1987 za Help! na Rubber Soul za Beatles zina mchanganyo mpya wa stereo alioufanya George Martin. Stereo ya asili ya 1965 ilikuja kuwekwa kwenye kasha la mono la 2009, baada ya nyimbo za mono. Hapo anayetaka ya asili hana budi kununua toleo jipya.

Kwa fedha zetu, SACD mseto ndiyo yenye thamani. Tabaka moja husomwa na deki yoyote ya CD, la pili linahitaji deki ya SACD. Hakikisha kweli imeandikwa mseto, kwa sababu SHM-SACD za Japani zina tabaka moja na deki ya kawaida haizisomi kabisa. Mwaka 2022 ilipojulikana kwamba Mobile Fidelity walipitisha santuri zao kwenye hatua ya dijitali, wapenzi wa santuri walikasirika hadi mahakamani. Mnunuzi wa SACD hakupoteza kitu, kwani diski yake ni ya dijitali tangu mwanzo.

Ukinunua mtumba, omba picha ya pete ya ndani upande unaosomwa. Msimbo wa IFPI (shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki), unaotambulisha kiwanda, ulianza 1994, kwa hiyo "toleo la kwanza la 1985" lenye msimbo huo ni mkupuo wa baadaye, hata kama masta ni ile ile, na bei ishuke. Diski za kiwanda cha PDO cha Uingereza, zilizoandikwa jina hilo, za mwaka 1988 hadi 1993 zitazame ukingoni: rangi ya shaba inayotambaa kuelekea katikati ni kuoza, na hakuna dawa. Muuzaji akikataa kupiga picha, achana naye.