Mbolea ya ukoka wa nyumbani: tikisa mfuko kabla ya kuuliza bei

Bustani yangu hapa Tabata ina mita 60 tu za mraba. Februari iliyopita ungedhani kuna mtu kaipitia na pasi ya mkaa: mabaka ya kahawia kila mahali, ya duara, kila moja ukubwa wa sahani.

Niliyataka mwenyewe. Nilinunua kilo tatu za kile muuzaji alichokiita mchanganyiko wa bustani. Alichota CAN, ile mbolea ya naitrojeni yenye chokaa, kwenye mfuko uliokuwa wazi mlangoni, akaongeza urea, mbolea nyingine ya naitrojeni, "ili ikolee", akakoroga, akanifungia kwenye nailoni kwa fundo moja. Nikaiweka barazani. Asubuhi nikakuta uji. Sitanii, uji, wenye mabonge ya ukubwa wa ndimu. Kijana anayenisaidia bustani akayaponda, akarusha hivyohivyo kwa mkono. Kila bonge lilipotua, ukoka uliungua.

Kwa hiyo leo sitawachosha na habari za naitrojeni na fosforasi, zimeandikwa kwenye kila mfuko. Nataka kusema kuhusu unyevu, kitu ambacho sijawahi kumsikia mnunuzi akikiulizia dukani. Kwenye joto kama letu la Dar, urea iliyo wazi huanza kunyonya maji unyevu unapopita asilimia 70 na kidogo. CAN haingoji hapo, huanza kwenye 60 hivi. Ukizichanganya mbili hizo zinanyonya hata kwenye hewa kavu, ya asilimia kama 20, na hewa ya namna hiyo Dar hujawahi kuivuta. Mchanganyiko wangu ulikuwa umekufa kabla sijapanda bajaji.

Namba moja kwangu ni YaraMila Winner, na simwombi mtu radhi. Ni 15-9-20, yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mfuatano huo, na kila punje imebeba virutubisho vyote, si punje nyeupe za hiki zimechanganywa na punje nyekundu za kile zikajitenga chini ya ndoo. Potasiamu yake nyingi inausaidia ukoka kuvumilia jua la Januari. Gramu 30 na kidogo kwa mita ya mraba zinatosha. Ni ghali, ndiyo. Nayo pia inanyonya unyevu, kwa hiyo chukua iliyofungwa kiwandani au iache. Tikisa mfuko: isikike kama mchele. Ukisikia kitu kimoja kizito kinagonga ndani, rudisha.

Ya pili ni urea. Ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo gramu 10 kwa mita ni nyingi tayari. Mwagilia siku hiyohiyo, vinginevyo sehemu ya naitrojeni inapaa hewani kama amonia na wewe umelipia harufu. Kama kwenu maji ni ya mgawo, subiri masika au vuli, uweke wakati wa manyunyu. Mvua ya kishindo kwenye mchanga wetu wa pwani inaisomba yote chini ya mizizi.

SA, yaani salfeti ya amonia, ni ya tatu: asilimia 21 ya naitrojeni, bei nafuu, inakaa kavu kuliko hizo nyingine, lakini ukiizoea miaka mingi udongo unakuwa chachu. CAN naiweka mwisho, na najua wenye mahindi watanicheka. Kwa anayemaliza mfuko siku moja shambani ni mbolea nzuri sana. Mimi nauza sura ya mbele ya geti, mfuko utakaa stoo mwaka mzima.

Samadi? Isiyoiva inaleta magugu. Basi.

Sasa hesabu inayonichoma. Bustani yangu inahitaji gramu 600 za urea kwa mara moja. Mfuko wa kilo 50 unatosha mita za mraba 5,000, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Nani Tabata ana nusu ya uwanja wa mpira? Maduka niliyozunguka yaliniwekea njia mbili: nibebe mfuko mzima, au nipimiwe kutoka ule ulioshinda wazi tangu mwezi juzi. Na huo wa kupimiwa ndio wa kulanguliwa. Bei ya kilo yangu moja, ukiizidisha mara 50, ungenunua mifuko miwili na chenji ya soda. Mbolea ya ruzuku ni ya wakulima waliosajiliwa, na ni haki yao, siililii. Ninachotaka ni kilo mbili zilizofungwa na kiwanda, zenye lebo, basi.

Nilirudi na uji wangu dukani, kwenye ndoo. Muuzaji akachungulia, akautikisa kidogo, akanitazama kwa utulivu wote. "Dada, hiyo sasa ndiyo imeiva."