Uzoefu wangu: mahekalu mawili ya barabara moja jijini Singapore

Mgeni aliyepita Singapore kwa siku moja tu na anayetaka kuyaona mahekalu ya Kihindu na ya Kibuddha hana haja ya kulizunguka jiji zima. Kwenye barabara ya South Bridge, ndani ya mtaa wa Wachina, Hekalu la Sri Mariamman na Hekalu la Jino la Buddha yako umbali wa dakika chache kwa miguu, na jirani na lile la Sri Mariamman upo Msikiti wa Jamae, ulioasisiwa na Waislamu wa Kitamil kutoka kusini mwa India. Kuingia katika mahekalu yote mawili ni bure.

Nilianza na lile la Kibuddha, ambalo ni karibu zaidi na kituo cha treni cha Maxwell. Kwa sura utadhani ni la kale, kwa kuwa limejengwa kwa mtindo wa enzi ya wafalme wa Tang wa Uchina, ilhali lilifunguliwa mwaka 2007. Huduma kwa wageni imepangwa vizuri mno: walio na nguo fupi huazimwa shuka za kujisitiri, ghorofani kuna jumba la makumbusho lenye maelezo ya kutosha, na kwenye paa kuna bustani yenye gurudumu kubwa la maombi ambalo yeyote anaweza kulizungusha. Jino lenyewe, ambalo waumini huamini ni la Buddha, limehifadhiwa ghorofa ya nne ndani ya stupa, yaani mnara mdogo wa kutunzia masalia matakatifu, iliyotengenezwa kwa kilo 320 za dhahabu, na sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ilichangwa na waumini. Huko juu kupiga picha hakuruhusiwi, jambo ninaloliunga mkono kabisa. Nilijifunza mengi, ingawa lifti na makabati ya vioo vilinifanya nijihisi mtazamaji zaidi kuliko mgeni wa ibada.

Sri Mariamman ni kinyume chake. Hekalu hili, kongwe kuliko yote ya Kihindu nchini humo, lilianzishwa mwaka 1827 na Naraina Pillai, aliyewasili kisiwani mwaka 1819 pamoja na Stamford Raffles, Mwingereza aliyeanzisha Singapore ya kikoloni. Mnara wa langoni umesheheni sanamu za miungu, askari na wanyama zilizopakwa rangi kali, na wengi wa watalii huishia hapo kupiga picha kisha wakaondoka. Hata kundi moja lililoongozwa na wakala wa utalii lilipewa muda wa kuvua viatu na kuvivaa tena, si zaidi ya hapo. Wanakosa jambo la maana, kwani uhai wa hekalu hili umo katika ibada. Nilimwona kuhani aliyeacha kifua wazi akipitisha taa ya kafuri mbele ya Mariamman, mungu wa kike ambaye tangu zama za ndui huombwa aepushe maradhi, huku kengele zikigongwa na zumari ikilia pamoja na ngoma kwa nguvu ya kuzima mazungumzo yote. Kisha taa ikaletwa kwa waumini. Kila mmoja akapitisha viganja juu ya mwali, akavigusisha machoni, ndipo akapokea majivu meupe ya kupaka kwenye paji la uso. Hakuna aliyenieleza chochote, wala hakuna aliyenifukuza. Nilisimama pembeni, nje ya njia ya wale wanaolizunguka hekalu wakiliweka upande wa mkono wao wa kulia, na hilo lilitosha.

Kwa hiyo, kama ni lazima kuchagua moja, nachagua Sri Mariamman, kwa sharti kwamba uende wakati wa ibada. Nje ya wakati huo, lile la Jino la Buddha litakufaidi zaidi. Anayetaka yote mawili azingatie kwamba la Kihindu hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, ilhali la Kibuddha hufunga milango kabla jua halijatua. Aanze na la Kibuddha alasiri, avae nguo inayofunika mabega na magoti, na achague viatu vyepesi kuvuliwa.