Honda Accord Euro R ndani ya Mombasa: nilivyolikagua kabla ya kutoa pesa, na ninavyoishi nalo

Jibu fupi kwa wanaoniuliza kama wanunue Accord Euro R: kama una gari jingine la kukupeleka kazini, nunua. Kama hili ndilo litakuwa gari lako la pekee, tafuta Premio ulale usingizi. Si kwamba Euro R ni gari baya. Ni gari zuri mno, ila spea zake hazina haraka na wewe.

Ninayoizungumzia ni Euro R ya namba ya chesi CL7, toleo la mbio la Accord, iliyotengenezwa Japani kati ya 2002 na 2008. Sedani ya milango minne, injini ya K20A ya lita 2.0 isiyo na tabo, farasi 220, gia sita za mkono, viti vya Recaro na usukani wa MOMO. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na kati yake kuna difu ya LSD inayogawa nguvu ili gurudumu moja lisizunguke bure. Kabla yake ilikuwepo CL1 ya 2000 hadi 2002, yenye injini ya H22A ya lita 2.2 na farasi hao hao 220. Honda walipotoa Accord mpya 2008, jina la Euro R likaishia hapo.

Kuagiza kutoka nje sahau. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo hata yale ya mwisho kabisa mlango ulishafungwa zamani. Kilichobaki ni yale yaliyoshuka bandarini enzi hizo, nayo yamepita mikono ya vijana wenye miguu mizito. Hapo ndipo kazi ilipo. Unanunua maisha ya waliolimiliki kabla yako.

Tena hakikisha ni Euro R kweli. Nembo ya Euro R inauzwa popote na kubandika ni dakika moja. Dalali mmoja alinionyesha "Euro R otomatiki" safi sana, rangi inang'aa, akaniambia, "Kaka, hii ni spesheli, haipatikani." Haipatikani kweli, kwa sababu Honda hawakuitengeneza. Euro R zote za CL7 zilikuja na gia sita za mkono. Na usitegemee namba ya chesi peke yake, kwani Accord ya kawaida ya lita mbili inayovuta mbele nayo ni CL7, na injini yake nayo imeandikwa K20A, ila ni ya farasi wachache zaidi. Angalia gia, angalia viti, na muulize mwenye gari akuonyeshe makaratasi ya Japani kama bado anayo.

Makaratasi ya hapa nyumbani nayo yana lake. Fanya upekuzi wa logbuku kupitia eCitizen kabla hujatoa hata shilingi ya kushika gari. Watu wengi huweka logbuku rehani kwa kampuni za mikopo, na ukinunua bila kuangalia, deni linakuja na gari.

Gari nililonunua lilikuwa la jamaa mmoja wa Nyali. Bei aliyotaja ilikaribia ya Demio iliyotoka melini juzi. Nilimwambia nitakuja asubuhi na mapema, na asiliwashe kabla sijafika. Nilipofika, jambo la kwanza nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa baridi, nikafurahi. Muuzaji akishalipasha moto injini mapema, kuna mlio hataki usikie. K20A inatumia cheni, si mshipi, na cheni iliyolegea au tenshena (kikaza cheni) iliyochoka hujitokeza sekunde zile za kwanza za injini baridi, kama mkwaruzo wa chuma mbele ya injini, halafu hunyamaza. Hili lilinyamaza tangu mwanzo.

Nikachomoa kijiti cha oili. Usawa wake ulikuwa karibu na alama ya chini. Injini hizi zikizungushwa juu mara kwa mara hunywa oili, na si ugonjwa, lakini mwenye gari asiyejua hilo ndiye anayeziua. Nikamuuliza huwa anaangalia lini. Akajibu, "Si nabadilisha kila sevisi?" Jibu hilo nikaliweka akilini kwa ajili ya bei.

Halafu fundi. Nina mzee mmoja wa Majengo ambaye ameshika Honda tangu enzi za kabureta, na simpeleki mtu mwingine mbele ya gari ninalotaka kununua. Alipanda, akaendesha kidogo tu, akawa anaipeleka gia ya pili mpaka juu kisha anaingiza ya tatu kwa haraka. Sikuelewa mpaka aliponieleza kuwa gia ya tatu ndiyo ya kwanza kuchoka kwenye gia boksi hizi za sita, na ikikwaruza unapoiingiza kwa kasi, jua gia boksi inataka kufunguliwa. Ya kwetu iliingia, kwa ubishi kidogo. Akaniuliza pia kama valvu zimewahi kusetiwa. Mwenye gari akatazama kando. Kwenye K20A valvu hazijirekebishi zenyewe, fundi anafungua kifuniko na kupima nafasi kwa geji, na gari nyingi hapa hazijaguswa tangu zishuke melini.

Mwisho akatandika kadibodi, akalala chini ya gari na tochi. Kimya kirefu. Alipotoka akasema, "Mwanangu, injini haina neno. Njoo uangalie huku chini."

Huku chini ndiko Mombasa inakomalizia magari. Hewa ya chumvi haina huruma, na gari linaloegeshwa karibu na pwani ya Nyali bila paa hupata kutu mahali ambapo shampuu haifiki. Mzee alinishika mkono akanipitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa fenda ya nyuma, pale bati linapokunjwa. Rangi ilikuwa nzima kwa nje, ndani vipande vilibanduka vikaangukia kwenye kiganja, vyekundu na vyembamba. Vizingiti vya milango vilikuwa salama, sehemu za kushikia sasipensheni salama. Lakini boli za chini za mbele, yale maungio ya duara yanayoshika magurudumu, zilikuwa na uchezaji, na bushi kubwa za mikono ya chini zimepasuka. Hilo la mwisho halikumshtua. Accord hizi zina sasipensheni ya mikono miwili mbele, ya juu na ya chini, na kwa mashimo yetu na matuta yasiyochorwa rangi, bushi ndizo zinazolipa gharama.

Jaribio langu la mwisho halimo kwenye kitabu chochote: feri. Nilimwomba mwenye gari tuvuke Likoni maji yakiwa yamekupwa. Wakati huo mlango wa feri hushuka kwa mteremko mkali, na pua ya Euro R iko chini. Aliingia kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, polepole, watu wa mikokoteni wakimwelekeza kwa mikono na tuktuk nyuma yetu ikipiga honi bila kukoma. Bampa ikagusa chuma hata hivyo. Ng'ambo tuliposhuka nilichungulia: mkwaruzo mpya juu ya mikwaruzo ya zamani, na kinga ya plastiki chini ya injini imefungwa kwa waya wa kufungia mabati. Mwenye gari akacheka, nami nikacheka. Tukaanza kuzungumza bei pale pale kando ya barabara, na kutu, bushi, oili na ile kinga ya waya zikafanya kazi yake.

Kuendesha ni habari nyingine. Chini ya mizunguko elfu nne ya injini kwa dakika ni Accord tu, tulivu, unaweza kumpeleka mama hospitali asijue umenunua gari la mbio. Nguvu yake ya kuvuta ni nyutoni mita 206, na yenyewe inafika kileleni kwenye mizunguko 6,000. Maana yake ukiwa na watu wanne na eesii imefunguliwa, ukitaka kumpita lori la kontena pale Mariakani, usibonyeze mafuta ukangoja. Shusha gia moja, au mbili. Ikishavuka elfu sita, VTEC, mfumo wa Honda wa kufungua valvu zaidi injini ikizunguka juu, inabadilisha upande wa kemu, sauti inageuka, na gari linaendelea kuvuta pale ambapo gari nyingine zimeshachoka. Farasi wote 220 hawakamiliki mpaka mizunguko 8,000. Mtu aliyezoea tabo ya Subaru atasema halina kitu, na kwa namna anavyoendesha atakuwa sahihi.

Kuhusu kuvuta mbele, vijana wa Mark X hunidhihaki kwamba gari la kweli husukumwa na magurudumu ya nyuma. Sibishani nao. Mvua ya masika ikimwagika na barabara ya Bamburi ikawa mto, nafurahi kwamba uzito wa injini uko juu ya magurudumu yanayovuta. Ukiingia kona kwa pupa, pua inakimbilia nje, unaachia mafuta kidogo, inarudi. LSD inakuvuta kuelekea ndani ya kona ukikanyaga mafuta mapema, na usukani unakuwa mzito mikononi. Hilo la mwisho ni la kuzoea. Tairi za mbele huisha haraka kuliko za nyuma, kwa hiyo nazibadilisha nafasi mara kwa mara.

Kinachochosha ni foleni. Klachi yake si nyepesi, na jioni kutoka Buxton kuvuka daraja la Nyali hadi Kongowea, mguu wa kushoto unajua. Mafuta pia. Kwenye msongamano sipati zaidi ya kilomita nane kwa lita, na Japani iliandikiwa petroli ya daraja la juu, kwa hiyo nami natia ile ya bei ghali kituoni. Bima nayo: wakala niliyemwendea alisikia mwaka wa gari akafunga daftari, nikabaki na ya mtu wa tatu. Hilo liweke kwenye hesabu, kwa sababu likigongwa na mtu asiye na kitu, ni lako.

Sasa spea, ndipo nilipoanzia. Filta, bushi, boli na breki za kawaida zinapatikana, kwa sababu sehemu nyingi za sasipensheni ni zile zile za Accord nyingine za kizazi hicho, na hizo zimejaa nchini. Injini ina ndugu zake pia, Integra Type R ya DC5 na Civic Type R, ukiwa na fundi anayejua kipi kinaingiliana na kipi hakiingiliani. Shida ni vitu vya Euro R yenyewe: gia boksi, LSD, bampa, kitambaa cha viti. Hivyo utaagiza, utangoja meli, utangoja ushuru, na wakati huo gari limekaa juu ya mawe nyumbani, majirani wanakuuliza limekufa? Langu limekaa hivyo zaidi ya mara moja. Kwa bahati mke wangu ana Fit yake, na heshima ya nyumba ikanusurika kwa kuombaomba funguo.

Mtu ataniuliza kuhusu Civic Type R ya FD2, maana nayo ni sedani, nayo huvuta mbele, na ina farasi 225. Niliwahi kupanda moja. Ni kali zaidi, lakini imekaza kama kiti cha mkokoteni, na kwa barabara za Mikindani ningeshuka nimepinda mgongo. Euro R inasamehe matuta kiasi. Ndiyo sababu niliichagua, na bado ningeichagua.

Kwenda Diani sasa napita barabara ya Dongo Kundu, si feri. Lami ni nzuri na bampa inapumua.

Ukiamua kununua, fanya hivi wiki ile ile ya kwanza, kabla ya rimu mpya na kabla ya eksozi ya kelele: seti valvu, badilisha oili ya injini na ya gia boksi kwa ile inayofaa Honda za gia za mkono, piga dawa ya kutu chini kote, na agiza klachi nzima ya akiba uiweke kabatini. Iliyo ndani itakwisha, na utakapoihitaji hutaki iwe ndiyo kwanza inapakiwa melini Yokohama.