Usiku wa mashairi wa elfu kumi: ukumbi mzuri, washairi wazuri, ila majaji hapana

Kwa wale wanaotaka jibu la haraka, ndiyo nendeni, hela yenu haitapotea. Kiingilio elfu kumi na humo unapewa soda au chai ya tangawizi, ukumbi uko ghorofani juu ya maduka huku Kinondoni, jina silitaji kwa sababu nina lalamiko zito na sitaki watu waache kwenda, waandaaji wenyewe wana nia njema na wanajitahidi sana. Lakini kuna kitu kwenye mashindano yao ya mwisho wa usiku kimenikera na mpaka sasa bado kinanikera, na nataka nikieleze vizuri maana hakihusu ukumbi mmoja tu, kinahusu jinsi tunavyoamua shairi gani ni zuri na nani ana haki ya kuamua.

Mazuri kwanza. Sauti iko safi mno, spika mbili tu lakini aliyezipanga anajua kazi yake, unasikia mpaka karatasi ikigeuzwa, na hilo kwenye mashairi ni jambo kubwa kwa sababu kumbi nyingi hapa mjini zinafungia mshairi maiki ileile ya singeli halafu maneno yote yanageuka mwangwi. Chai ina tangawizi kweli, maandazi ya moto, iliki unaisikia. Feni za upande wa dirishani hazifanyi kazi, kaeni karibu na mlango. Muda hawazingatii, bango liliandika saa moja tukaanza inaelekea saa mbili, ila hilo tumeshazoea.

Kilichonifurahisha zaidi ni watu wenyewe. Kuna vijana wa chuo, kuna dereva bodaboda kaweka helmeti yake mezani anasubiri zamu yake, kuna mzee wa kanzu aliyeghani utenzi mpaka watu wakaacha kutafuna, kuna binti kasoma kwenye simu mkono unatetemeka na watu wakampigia makofi katikati ili apate nguvu. Sehemu hiyo ya openi maiki haina majaji wala alama, anayetaka anaandika jina kwenye daftari la mlangoni basi. Kama wangeishia hapo ningewapa nyota zote tano nikalala.

Halafu yakaja mashindano. MC akasoma vigezo, alama arobaini kati ya mia ni za "uzito wa lugha", zilizobaki ni uwasilishaji, upekee na muda. Majaji watatu mezani mbele, zawadi ni fedha taslimu na nafasi ya kuchapishwa kwenye kijitabu chao. Akapanda mama mmoja, mtu mzima, kajifunga kitenge vizuri, hana karatasi wala simu, kasimama tu akashika maiki kwa mikono miwili. Shairi lake ni la mikopo ya mtaani, hii tunayoiita kausha damu. Tarbia ya kawaida kabisa, yaani beti za mistari minne minne, mizani (silabi) kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho. Ubeti huu niliuandika palepale na baadaye nikamwomba ruhusa niuweke hapa, akasema weka mwanangu, jina langu tu usiweke:

Nilikopa mtaani, nipate mtaji wangu,
Wakaja watu nyumbani, wakabeba jiko langu,
Na godoro la chumbani, wanalolala wanangu,
Deni dogo la sokoni, limekula nyumba yangu.

Ukumbi ulinyamaza. Yule kijana anayegawa soda alisimama na trei mkononi hakusogea mpaka mama akamaliza, na dada wa meza ya jirani akajifuta macho na ncha ya mtandio. Mstari wa mwisho wa kila ubeti ulikuwa uleule, ubeti wa pili tu ukumbi mzima ukawa unaitikia naye bila kuambiwa na mtu.

Jaji wa kwanza akachukua maiki. Akasema shairi ni zuri kwa jamii, lina ujumbe, lakini linaeleweka lote mara moja, halimwachii msikilizaji kazi yoyote, na ni mtindo wa magazetini, ushairi wa sasa umeshatoka huko. Kwenye uzito wa lugha akampa kumi na mbili kati ya arobaini. Wa pili akatikisa kichwa kukubali, akampa kumi na tano. Mama akasema ahsante wanangu, akashuka.

Aliyeshinda ni kijana wa mashairi huru, yale yasiyofuata vina wala mizani, na nitasema haki yake, ana kipaji. Kuna mahali alisema kivuli cha mlimau kinaomba ruhusa ukutani, na ile picha nimebaki nayo. Ila shairi zima nilipotea, nikawauliza wenzangu watano mezani wamepata nini kila mtu akataja kivuli cha mlimau na hakuna aliyeweza kuniambia lile shairi linahusu nini. Majaji wakasema hilo ndilo shairi linalokomaa kila ukilirudia. Inawezekana kabisa. Lakini kwa nini kutoeleweka kuhesabiwe kuwa ni alama, na kueleweka kuhesabiwe kuwa ni kosa? Hapo ndo mimi na wao tunaachana.

Rudi kwenye ule ubeti uutazame taratibu. Kwanza wanachukua jiko, yaani chakula. Halafu godoro, yaani usingizi wa watoto. Halafu nyumba nzima. Kila mstari deni linaingia ndani zaidi, kutoka jikoni mpaka chumbani, na mama hajakwambia kwamba linaingia ndani, wewe ndo unatembea nalo. Kwenye mstari wa tatu neno wanangu kaliweka mwishoni kabisa, umeshaona godoro limebebwa ndipo unagundua nani analala juu yake. Halafu angalia asichosema. Hajamtaja aliyemkopesha, hajamtukana mtu, hajasema nilikosea, hajasema mnisaidie. Mtaji wa nini hakusema, ila neno sokoni kalitaja kwenye kiitikio basi unajua ni mchicha au nyanya au dagaa. Na yote hayo kayafanya ndani ya silabi nane nane bila kulazimisha kina hata kimoja. Anayesema hapo hakuna kazi iliyobaki kwa msikilizaji, yeye ndo hakuifanya kazi yake ya kusikiliza.

Na hili la "mtindo wa magazetini" liliniuma kuliko alama. Magazeti ndiyo yaliyobeba ushairi wa Kiswahili kwa miaka mingi. Mambo Leo lilianza kutoka 1923 hapahapa Dar na wasomaji walikuwa wanatuma tungo zao, wanaulizana mafumbo, mmoja yuko bara huku mwingine yuko pwani hawajawahi kuonana, wanajibizana kwa beti. Makarani, walimu, mafundi, watu wa kawaida kabisa. Vina na mizani kwao haikuwa mapambo ya wasomi, ilikuwa njia ya kufanya shairi likae kichwani ili mtu alisome gazetini asubuhi na jioni awaghanie wenzake barazani. Ndiyo maana yule mama hakuhitaji karatasi.

Rudi nyuma zaidi, mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840. Wasomi wenyewe ndo wanaomsifu kwamba aliutoa ushairi kwenye mambo ya dini akauleta sokoni, akatunga kuhusu vita vya Mvita, yaani Mombasa hiyohiyo, mapenzi, marafiki, shida za dunia. Tungo zake nyingi zilibaki kwa sababu watu walizishika vichwani, na mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua akazikusanya akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, zaidi ya miaka arobaini baada ya mwenyewe kufa. Sasa ungempeleka Muyaka mbele ya meza ile na kigezo cha arobaini, angepata ngapi?

Au mwimbaji wa taarab Siti binti Saad. Katoka Fumba, Unguja, akiuza vyungu, kaingia mjini wakati taarab ya wakubwa inaimbwa kwa Kiarabu ambacho watu wengi wa mtaani hawakijui. Akaimba Kiswahili, akaimba mambo ya mtaani, kesi, dhuluma, mapenzi. Waliomdharau wakamtungia kejeli kwamba kaja mjini na kaniki, ile nguo nyeusi ya watu maskini, na asingekuwa na sauti asingekula. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri na zikasikilizwa pwani yote, na Shaaban Robert akaja kuandika maisha yake, mshairi mkubwa kuliko wote tulionao hakuona kwamba anajishusha.

Ila linalonishangaza zaidi ni hili la mashairi huru kugeuzwa fimbo ya kuwachapia watu wa vina. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, alieleza mwenyewe kwenye utangulizi kwamba anachotaka ni kuleta lugha ya kawaida kwenye ushairi, ile ambayo watu wanaongea kila siku. Wakati huo waliokuwa na kiburi ni watu wa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, wenye kitabu cha sheria za kutunga cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha 1954 mkononi, wanasema kisicho na vina na mizani siyo shairi, hakiimbiki, ni insha imekatwakatwa. Kezilahabi akafungua mlango ili watu wengi waingie. Sasa nusu karne baadaye watu wamekaa kwenye mlango uleule wanamzuia mama asipite kwa sababu anaeleweka! Mimi nayapenda mashairi huru, nayasoma, nayanunua, na ndiyo maana inaniuma kuona yanatumika hivi.

Na sisemi kwamba shairi lazima liwe rahisi. Abdilatif Abdalla alitunga diwani yake ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, tungo nyingine kaziandika kwenye karatasi za chooni, na Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, mtu wa bara inabidi ukae nacho, uulize, urudie. Ule ugumu nauheshimu kwa sababu nyuma yake kuna mtu ana jambo la kusema na hiyo ndiyo lugha aliyokulia, hakuificha ili mimi nijione mjinga. Ukiulizia neno, shairi linafunguka. Ugumu wa namna hiyo upeni alama hata zote arobaini. Kinachonikera ni ule ugumu unaopewa heshima kwa sababu unawatenga watu, yaani jaji anafurahi kwamba yeye kapata kitu ambacho dereva boda na mama wa sokoni hawajakipata, halafu furaha yake hiyo ndo anaiandika kwenye karatasi kama alama.

Baada ya mashindano nilimfuata mmoja wa waandaaji, kijana mpole tu, nikamwambia yote haya. Akanisikiliza, akasema vigezo walivichukua kutoka shindano jingine na wako tayari kuvibadilisha. Basi nawaandikia hapa na wengine waone. Toeni hicho kipengele cha uzito wa lugha au mkieleze vizuri kinapima nini. Wekeni jaji mmoja ambaye hafundishi wala hachapishi, msikilizaji tu mwenye masikio, mbona Dar wamejaa. Majaji wakitoa alama waonyeshe mstari, mstari huu umenigusa kwa sababu hii, mstari huu umelegea hapa, maana kusema "halina uzito" bila kutaja hata neno moja la shairi lenyewe siyo uhakiki. Na kile kijitabu chenu kichapeni pamoja na shairi la yule mama, hata kama hakushinda, mkimwomba ruhusa naamini atawapa.

Nyota nawapa tatu. Moja ya sauti, moja ya chai na maandazi, na moja kubwa sana ya openi maiki. Mbili zilizobaki ziko kwenye meza ya majaji. Ukienda fika mapema uandike jina kwenye daftari maana linajaa, ukitoka usiku bajaji ziko palepale chini ila patana bei kabla hujapanda, na kama unaghani mashairi ya vina usiogope, watu wa kule nyuma watakuitikia.